Hita ya jikoni kwa Mama

Mama: Mbukwenyi wanangu. Hita ya maji imeamka inavuja. Tangu alfajiri nimedeki mara tatu na maji bado yanatambaa hadi chini ya friji.

Dada: Shikamoo mama. Swichi umezima?

Mama: Marahaba. Nimezima, na koki nimefunga.

Shangazi: Pole wifi yangu. Lile pipa marehemu kaka alilileta enzi za CDA, ile mamlaka ya kuustawisha mji wa Dodoma. Limefanya kazi.

Mimi: Ndiyo natoka huko. Nimemwaga maji yote, nikafungua elementi, kile chuma kinachopasha maji. Imevaa chumvi nene kama ukoko wa ugali, nikaigonga kwa bisibisi ikabanduka vipandevipande. Ndiyo maji yetu ya visima vya Mzakwe hapa Dodoma. Kitako cha tangi kimeoza, kidole kinapenya, hapo hakuna cha kuziba.
Ila kilichonitisha ni valvu ya usalama. Fundi aliyekuja mwaka jana aliona inadondosha matone, akaikomea plagi ya chuma! Maji yakipata moto yanatanuka, na njia yake ya kutokea ni hiyo moja. Themostati inayokata umeme maji yakishapata moto ingekwama siku moja tu, tangi lingepasuka Mama akiwa anasonga ugali hatua mbili kutoka hapo.

Mama: Mungu wangu. Na hela yangu alichukua.

Baba Mdogo: Basi tununue ile ya gesi inayowaka ukifungua bomba. Ni ndogo, nafasi itapatikana, na umeme ukikatika anaoga maji ya moto.

Mimi: Baba mdogo, nakuomba, humo ndani hapana. Dirisha ni moja, na Mama hulifunga kwa ajili ya vumbi. Gesi ikiungua penye hewa haba inatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Mtu kichwa kinamuuma, anajilaza kidogo, haamki.

Kaka (Uingereza): Kweli kabisa. Kwangu walipotoa boila ya zamani iliyosimama jikoni, mpya waliitundika ukutani na bomba lake la moshi likapita hadi nje. Na huku fundi asiyesajiliwa haruhusiwi kugusa gesi.

Baba Mdogo: Nimeelewa. Niondoeni kwenye hiyo.

Dada: Na sola? Jua hili lote.

Mimi: Naipenda, ila paa la jikoni limechoka, tulitengeneze kwanza. Kwa sasa nashauri ya umeme, lita 50, ya kutundika. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni yuniti 2 na ushee. Pipa la lita 150 lilikuwa linakula karibu 7, na nyumbani wako wawili tu. Ikijaa inapita kilo 60, kwa hiyo itakaa kwenye ukuta wa tofali za kuchoma.
Kazi ni kulitoa la zamani. Liliingia kabla sinki halijajengwa! Lina upana wa sentimita 60, uwazi kati ya sinki na friji ni 52. Friji itoke kwanza, kisha mlango tuung'oe kwenye bawaba.

Kaka (Uingereza): Natuma nusu ya hela leo.

Mama: Asante mwanangu. Pale litakapotoka nataka kabati la unga. Na hiyo valvu?

Mimi: Ya hita mpya itabaki wazi, nitaiwekea kibomba hadi nje ukutani. Ukiona inadondosha wakati inapasha, ndiyo kazi yake. Asije mtu akaiziba tena.

Mama: Haya. Jumamosi mje mapema, kabla sijabandika maharage.