Mrejesho: Tulivyomuenzi mzee mfugaji wa farasi

Ndugu zangu, nawashukuru kwa ushauri mlionipa nilipouliza namna ya kumuenzi mwajiri wangu hapa Lexington, Kentucky, mzee mfugaji wa farasi wa mbio ambaye maisha yake yote amekataa kuwauzia wajenzi wa nyumba shamba lake. Wengi mlipendekeza ngao. Nilipomdokezea, yeye aliomba tupande miti tu, nasi tukapanda mialoni Jumamosi iliyopita, pamoja na familia zetu zilizotoka Kongo.

Kwa aliyeuliza ardhi hiyo inalindwaje: mji huu uliweka mpaka wa ujenzi mwaka 1958, na tangu mwaka 2000 hununua haki ya kujenga mashambani, hivyo mwenye shamba hubaki na ardhi yake na anaweza kuirithisha au kuiuza, lakini mkataba huifunga ibaki ya kilimo na ufugaji daima. Mzee alitia saini mapema, kwa kuwa udongo huu wa mawe ya chokaa, ambao wafugaji huusifu kwa kuimarisha mifupa ya farasi, haurudi ukishafunikwa kwa zege.

Alipoumwagilia mti wa mwisho alitokwa na machozi, nasi pia.