Stafilokoki wameonekana waridi badala ya zambarau

Swali: Nimetumia rangi ya Gram (njia ya kutofautisha bakteria kwa rangi) kwenye bakteria aina ya stafilokoki, ambao hutarajiwa kuwa zambarau, lakini chini ya hadubini karibu nusu yao ni waridi. Nimekosea wapi?

Jibu: Nashuku alkoholi ya kuondolea rangi. Ukuta mnene wa bakteria hawa hushikilia rangi ya zambarau iliyoungana na iodini, ila alkoholi ikikaa mno hata wao hupauka, kisha safranini, rangi ya mwisho, huwapa uwaridi. Suuza kwa maji mara tu matone yanayochuruzika yanapokosa rangi.

Jibu: Bakteria walioteshwa kwa muda gani? Wakipita saa 24 kuta zao huchakaa.

Muulizaji: Siku 3! Nitaotesha wapya, na slaidi ya E. coli, bakteria ambao hutarajiwa kuwa waridi, kando kwa kulinganisha.