Mgonjwa ameacha ngano na kupata nafuu, kwa nini aambiwe aile tena ndipo apimwe seliaki?

LisheTemeke
Habari za jioni wakuu. Kuna mama wa miaka thelathini na kitu, tumbo linajaa gesi, kuharisha kunakuja na kuondoka, na damu haipandi hata akimeza vidonge vya madini ya chuma. Minyoo, giardia (kimelea cha utumbo) na VVU, vyote hana. Ameacha chapati, maandazi na mkate kwa miezi miwili, ana nafuu kubwa. Sasa daktari anataka arudie ngano ndipo apimwe seliaki, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utumbo kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Huku si kumtesa? Na ngano inahusianaje na damu?

Maabara_Kkoo
Daktari yuko sahihi, mkuu. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili za aina ya IgA dhidi ya kimeng'enya cha mwili wenyewe, transglutaminesi (tTG). Asipokula gluteni zinashuka taratibu, na majibu yanaweza kutoka hasi huku ugonjwa upo.

Gluteni imejaa amino asidi za prolini na glutamini, kwa hiyo vimeng'enya vya tumbo na kongosho haviimalizi. Vinabaki vipande virefu. Kimoja cha gliadini, sehemu ya gluteni, kina amino asidi 33. Vikipenya ukuta wa utumbo, tTG inageuza baadhi ya glutamini kuwa asidi ya glutamiki. Kipande sasa kina chaji hasi, na kinanasa barabara kwenye molekuli za HLA-DQ2 au DQ8, ambazo kazi yake ni kuzionyesha seli T (seli za kinga) kilichoingia. Seli T zinamwaga interferoni gama, kemikali ya kuchochea uvimbe, na kuzisukuma seli B zitengeneze kingamwili, na limfosaiti (seli nyeupe za damu) zilizomo ukutani zinaua seli za utumbo. Vile vijidole vya kufyonza chakula vinafupika hadi kulala bapa. Uharibifu huwa mkubwa kwenye duodenamu, mwanzo wa utumbo mwembamba, na chuma hufyonzwa hapo hapo. Ndiyo maana vidonge havimsaidii.

Ila nafuu peke yake haithibitishi seliaki. Ngano ina fruktani pia, wanga unaochachuka utumbo mpana na kuleta gesi, wala kinga ya mwili haihusiki.

DktTumbo
Naongezea upande wa kipimo. Anahitaji gramu 3 hadi 10 za gluteni kila siku, wiki 6 hadi 8. Slesi moja ya mkate ina kama gramu 2, hivyo slesi mbili kwa siku zinatosha. Apimwe tTG-IgA pamoja na IgA jumla. Hiki cha pili husahaulika sana: mwenye upungufu wa IgA atatoka hasi hata akiwa mgonjwa, na huyo hupimwa kwa kingamwili za IgG.

Ikitoka chanya, kwa mtu mzima inafuata kamera ya kupitishwa mdomoni hadi utumboni. Vichukuliwe vipande vya nyama ya utumbo visivyopungua 4 kwenye duodenamu na 1 au 2 pale inapoanzia, kwa sababu uharibifu huwa wa mabaka. Kipande kimoja kinaweza kuangukia sehemu isiyoharibika.

Tahadhari: kama akila ngano anavimba midomo, anatoka vipele au kifua kinabana ndani ya dakika chache hadi saa mbili, huo ni mzio wa IgE, kingamwili za aina nyingine. Asijaribu ngano nyumbani kabisa.

LisheTemeke
Shukrani Dokta. Na akishindwa kuvumilia wiki sita?

DktTumbo
Aanze na gramu 3 kwa wiki 2. Akiweza aendelee hadi wiki 8, akishindwa apimwe hapo. Kuna pia kipimo cha vinasaba: akikosa DQ2 na DQ8, seliaki karibu unaifuta. Akiwa navyo haimaanishi anaumwa. Watu wengi wanavyo na ni wazima.

JikoSalama
Ikithibitika, ugali, wali, muhogo, mtama na ulezi havina gluteni. Hatari iko mashineni. Unga wa uji wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano, na hata ulezi mtupu ukisagwa baada ya ngano ya mtu mwingine, unga uliobaki kwenye mashine unaingia humo. Kiwango cha kimataifa cha chakula "bila gluteni" ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, kwa hiyo vumbi la mashine si jambo dogo. Anunue nafaka nzima, apepete, aoshe, aanike, asagishe kwenye mashine isiyopitisha ngano.

Mihogo na chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya maandazi aziache. Bagia aulize kwanza, wengine huchanganya unga wa ngano. Bia ya shayiri nayo haifai. Maziwa yakimsumbua mwanzoni apunguze kwa muda: laktesi, kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa, hutengenezwa kwenye vijidole hivyo hivyo, na vikiota upya kwa kawaida hurudi.