Kutabiri joto la chumba: karatasi, EnergyPlus au programu inayojifunza?

Mkazi_wa_Mbezi: Wakuu, chumba changu ni mita 4 kwa 3, kimo 2.8, tofali za sementi inchi 6, juu bati na silingi bodi. Nimefunga feni ya kutoa hewa yenye kidhibiti. Nataka kijue mapema chumba kitakuwa nyuzi ngapi baada ya saa mbili, AC iwashwe pale tu feni inaposhindwa. Umeme unaniumiza. Kati ya kupiga hesabu kwenye karatasi, EnergyPlus (programu ya kompyuta inayoiga joto la jengo) na programu inayojifunza kutoka kwenye vipimo, ipi inafaa?

Fundi Kipupwe: Anza na karatasi, mkuu. Mita moja ya ujazo ya hewa hubeba kilojuli 1.2 hivi kwa kila nyuzi moja. Chumba chako kina mita za ujazo 33.6. Feni ikibadilisha hewa yote mara 10 kwa saa, inatoa karibu wati 112 kwa kila nyuzi ambayo ndani imezidi nje. Watu wawili, pangaboi, TV na kompyuta, tuseme wati 300: ndani kutazidi nje kwa nyuzi 2.7. Badilisha mara 20, kutazidi kwa 1.3. Nje ikiwa 31, hakuna feni itakayokupa 28.

Mkazi_wa_Mbezi: Nimeipiga hiyo. Mchana haiko mbali, usiku inanidanganya. Saa tatu usiku nje 27, karatasi inasema karibu 30, kipimajoto kinasoma 32.

Takwimu_Tu: Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi saa hiyo hiyo. Hewa yote ya chumba chako ni kilo 40 tu. Ukuta ule mmoja una karibu tani tatu, na jua la saa kumi jioni linakufikia ndani usiku. Karatasi ya Fundi haina ukuta, ndiyo maana inakosea.

EnergyPlus ya Wizara ya Nishati ya Marekani ni bure na ukuta inaujua vizuri, ila mimi ningeitumia kabla ya kujenga, kuamua baraza au dari. Haitajua kwamba umeacha mlango wazi. Mtandao wa neva, yaani hiyo programu inayojifunza, unataka data ya miezi. Ukiufundisha Julai, Februari utapotea. Chukua mlinganyo mwepesi: joto la ndani sasa, la nje, la uso wa ukuta, na feni imewaka au la. Pima kila dakika 10, ukokotoe upya namba za mlinganyo kila wiki.

Bi_Shangani: Na unyevu je? Huku Unguja nyuzi 29 za kaskazi si sawa na 29 za kipupwe. Feni ikivuta hewa yenye unyevu ya nje, kipimajoto kitashuka na shuka zitalowa jasho vilevile.

Fundi Kipupwe: Bibi kasema kweli. Weka sensa inayosoma vyote viwili, na usiibandike kando ya kidhibiti, kinapata moto.

Mkazi_wa_Mbezi: Kumbe yangu iko juu yake kabisa! Naihamisha leo, nyingine naibandika ukuta wa magharibi. Wiki ijayo naleta vipimo.