Doberman, Boxer au Cavalier: mbwa yupi wa kufuga Arusha ukifikiria moyo wake?

Mkazi wa Njiro
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Uwanja upo, ukuta upo, watoto wawili wako shule ya msingi. Mimi roho yangu iko kwa Doberman, mke wangu anataka Boxer kwa ajili ya watoto, na mama mkwe tunayeishi naye anasema bora Cavalier, mbwa mdogo wa ndani. Nikisoma, wote watatu wanatajwa kurithi ugonjwa wa moyo. Wanatofautianaje?

Baba Neema, Moshi
Mkuu, moyo wa hao watatu hauugui kwa namna moja, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa Doberman misuli ya moyo inalegea, moyo unatanuka na kushindwa kusukuma damu. Utafiti wa Ulaya uliotoka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu yao hupatwa na ugonjwa huu maishani. Kinachoniumiza ni kwamba miaka inapita mbwa anakula, anakimbia, geti likigongwa anabweka, kumbe ndani moyo umeshaanza kuharibika. Wapo ambao dalili ya kwanza ni kuanguka na kufa. Stethoskopu peke yake haikutoshi, daktari anaweza asisikie kitu. Panatakiwa ultrasaundi ya moyo pamoja na Holter, kile kifaa cha kufunga kifuani kinachorekodi mapigo kwa saa 24. Mapigo yasiyo ya kawaida kutoka vyumba vya chini vya moyo yakizidi 300 kwa muda huo, huo ni ugonjwa. Upimaji unaanza akifika miaka mitatu, kisha kila mwaka. Muulize kwanza daktari wako kama ataweza kukufanyia, na kama hawezi, atakuelekeza wapi.

Dada wa Tengeru
Mimi ninaye Boxer jike. Kwa watoto mkeo yuko sahihi kabisa, wangu wanamlalia mgongoni naye katulia.

Ila sikia yaliyonikuta. Alikuwa anakimbiza mpira, miguu ya nyuma ikalegea, akalala ubavu, fizi nyeupe. Muda mfupi akainuka, akaufuata mpira wake. Kila mtu mtaani akasema kupe hao. Kipimo cha damu hakikuonyesha ugonjwa wa kupe. Kipimo cha umeme wa moyo cha dakika chache nacho kikatoka safi. Daktari hakuridhika, tukampeleka Nairobi akafungwa Holter, ndipo mapigo yaliyovurugika yakaonekana. Kwa Boxer, misuli ya moyo, hasa upande wa kulia, hugeuka mafuta na makovu, na umeme wa moyo unapotea njia. Sasa anameza sotaloli asubuhi na jioni, anaendelea vizuri. Mbwa akizirai Arusha tunakimbilia kupe. Pimeni kupe, ndiyo, lakini msiishie hapo.

Daktari wa Mifugo, Usa River
Niongezee la Cavalier. Yeye anaharibika vali ya mitrali, yaani kilango kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, damu inarudi nyuma. Akifika miaka 10 karibu kila mmoja anayo. Norway mahakama ya juu ilizuia kuwazalisha mwaka 2023, kwa hiyo si jambo dogo. Lakini vali ikivuja inatoa mvumo, sauti ya damu inayovuja, ambao daktari yeyote makini anausikia kwa stethoskopu, na mara nyingi ugonjwa unakwenda polepole. Moyo ukionekana umeanza kutanuka, dawa ya pimobendani inaahirisha kushindwa kwake kwa zaidi ya mwaka. Kwa vifaa tulivyonavyo huku, Cavalier ni rahisi kumfuatilia kuliko Doberman, ingawa uhakika wa kuugua ni mkubwa zaidi.

Muuzaji akikupa cheti kwamba mtoto wa miezi miwili ana moyo mzima, hakikusaidii kwa magonjwa haya, yanakuja ukubwani. Uliza wazazi wana umri gani na walipimwa lini. Kwa Cavalier uliza hata bibi na babu: walifika miaka mitano bila mvumo? Kipimo cha vinasaba cha Doberman nacho kisikulaze usingizi, wapo waliotoka safi na bado wakaugua.

Na yeyote utakayemchukua, mhesabu pumzi akiwa usingizini. Mbavu kupanda na kushuka ni pumzi moja, hesabu dakika nzima. Zikizidi 30 mara kwa mara, mpigie daktari siku hiyo hiyo.

Mzee wa Kibosho
Kijana wangu, chukua wa kienyeji. Wangu analinda migomba na ng'ombe, usiku hapiti mtu.

Daktari wa Mifugo, Usa River
Shikamoo mzee. Nakuunga mkono kwa sehemu kubwa. Wa kienyeji naye anaweza kuugua moyo uzeeni, ila hajazalishwa ndani ya ukoo mmoja vizazi na vizazi.

Mkazi wa Njiro
Asanteni sana. Nimempigia muuzaji wa Doberman. Mama ana miaka miwili, hajawahi kupimwa, na baba hajulikani alipo. Huyo nimemwacha. Boxer nitaendelea kumtafuta, ila niwaone wazazi kwanza. Mzee, shikamoo, hapo kwako kuna watoto?

Mzee wa Kibosho
Marahaba. Wapo wanne, bado wananyonya. Njoo mwisho wa mwezi, na daktari wa chanjo uwe umeshaongea naye.