Mrejesho: lile swali langu la ngoma ya grafini

Yakhe ahsanteni mlonijibu. Kwa aliyepitwa, niliuliza vipi utando wa grafini, yaani kaboni ya unene wa atomu moja tu, uliowambwa kama ngozi ya ngoma, ukiutikisa kwa mtetemo mmoja nishati inahamia mtetemo mwengine ambao hata hujaugusa. Mmoja wenu akanambia weka vitabu kwanza, tafuta springi utundike jiwe. Basi jana hapa Mkoani nimelitundika kwenye boriti ya baraza, springi ya sm 30 ikavutika mpaka 40 kupima hadi katikati ya jiwe, yaani mvutiko robo ya urefu wote kama alivosema, nikalivuta chini nikaliachia. Likaruka juu chini mara kadhaa, halafu lenyewe tu likaanza kuyumba kama pembea na kule kuruka kukafifia, kisha likarudi kuruka tena, bibi akauliza nani analisukuma! Kumbe linaruka mara mbili kwa kila kuyumba kumoja, hapo ndo nishati inapopata njia. Nikafunga jiwe la pili, mvutiko ukapita ile robo, mchezo ukakatika. Na grafini hivohivo, ikitetemeka sana inajivuta, ule mkazo ndo unaoifunga mitetemo pamoja, hasa masafa yao (yaani mara ngapi kila mmoja unatetemeka kwa sekunde) yakiwa 1 kwa 2 au 1 kwa 3.