Kurenda kwa kompyuta kadhaa: folda ya pamoja, Flamenco au SheepIt?

fundi_fremu (Arusha)
Wakuu habari za mchana. Naombeni mawazo. Nina tangazo la dakika moja la mteja wa mambo ya utalii, nimelitengeneza kwa programu ya 3D ya Blender 4.2, na sasa nalirenda (kompyuta inapiga hesabu na kutoa picha za mwisho) kwa injini yake ya Cycles, fremu (picha) 24 kwa sekunde, kwa hiyo jumla fremu 1440. Mashine yangu kubwa ina kadi ya grafiki RTX 3060 ya GB 12, fremu moja inakula kama sekunde 40. Pembeni nina kompyuta tatu za ofisi, Dell Optiplex, i5 za kizamani, RAM 8 kila moja, kadi ya grafiki hazina, fremu hiyohiyo kwa CPU zinachukua dakika 6. Zote ziko kwenye swichi moja. Nataka zipige kazi moja kwa pamoja. Nimesoma kuhusu Flamenco, programu ya kugawa kazi kwa mashine zako, nimesikia SheepIt, ya kurendeana na watu mtandaoni, na kuna jamaa kaniambia eti programu ya nini, folda tu inatosha. Nishike ipi? Na hizo tatu zina faida kweli au nazichosha bure tu?

MzeeWaSwichi
Jamaa yako yuko sahihi mkuu. Kwa mashine nne usijitese. Shea folda moja kwenye mashine kubwa, kisha kila kompyuta uipe folda hiyo kwa herufi ileile ya draivu, mfano R:, kwa amri ya net use, na hiyo kubwa yenyewe pia uimapie R: hata kama folda iko ndani yake, watu wengi wanaruka hapo halafu wanashangaa. Ndani ya Blender kwenye sehemu ya Output toa tiki kwenye Overwrite, weka tiki kwenye Placeholders, fremu zitoke kama picha za PNG au EXR, save. Baada ya hapo kila mashine unafungua CMD, dirisha la amri la Windows, unaandika

blender -b R:\tangazo\tangazo.blend -a

hiyo -a iwe nyuma ya jina la faili maana Blender inasoma amri kwa mpangilio. Kila mashine ikitaka kuanza fremu inaangalia kama faili lake lipo, lipo inaruka, halipo inaweka faili tupu la kushikia nafasi halafu inarenda. Yenye nguvu itabeba nyingi, dhaifu itabeba chache, hakuna wa kugawa. Na usithubutu kutoa MP4 moja kwa moja, video moja haiandikwi na mashine nne, utaunganisha fremu mwishoni.

dada_nodi
Mzee umesahau ugonjwa wa hiyo njia. Umeme ukikata katikati ya fremu, lile faili tupu linabaki pale na jina lake, kila mashine inaliona inasema hii imeshachukuliwa, inapita. Asubuhi unakuta video inaruka. Dawa yake panga folda kwa saizi, yote yenye KB 0 futa, rusha amri tena, yatarendwa hayo tu. Ila fanya hivyo mashine zote zikiwa zimesimama, la sivyo unafuta fremu ambayo mwenzake yuko nayo mkononi.

Sasa swali lako la faida, tupige hesabu badala ya kubishana. Kubwa peke yake 1440 mara sekunde 40 ni saa 16 kamili. Optiplex moja ina kasi ya moja ya tisa ya kubwa, ukiongeza zote tatu ni sawa na umeongeza theluthi moja ya mashine kubwa, kazi inashuka mpaka saa 12. Saa nne umeokoa. Tuseme kila moja inavuta wati 100, tatu kwa saa 12 ni uniti 3.6 za LUKU. Mimi ningeziwasha bila kufikiri mara mbili.

msee_wa_render (Nairobi)
@dada_nodi hesabu safi lakini umesahau RAM bana. GB 8, toa ya Windows, unabaki na kama 5 hivi. Scene ya utalii, nyasi, miti, tekscha (picha zinazovikwa kwenye maumbo) za 4K... RAM ikijaa hiyo itaanza kuswap kwa disk na zile dakika 6 zigeuke 20. Fundi, jaribu fremu nzito kuliko zote kwa Optiplex moja kwanza, si ile nyepesi ya mwanzo, ndio ujue.

Kwangu natumia Flamenco na sirudi nyuma. Ni ya Blender wenyewe, bure kabisa. Manager unaweka kwa mashine moja, Worker kwa zingine, Worker inatafuta Manager yenyewe kwa netiweki, wewe unafungua brauza unaona nani anafanya nini, fremu gani imefeli na imefeli kwa nini. Ile ya folda ikifeli unajuaje? Unazunguka kiti kwa kiti ukisoma CMD. Halafu kwa Flamenco unaweza kuipa kila Worker ratiba, mashine za ofisi zilale mchana watu wakiwa kazini, ikifika saa kumi na mbili jioni zinajiamkia kazini.

MzeeWaSwichi
Mwambie ukweli wote basi. Flamenco haisafirishi mafaili kama wengi wanavyodhani, inataka folda ya pamoja vilevile. Kwa hiyo shida ya kushea haijaondoka, umeongeza ghorofa juu yake tu.

msee_wa_render (Nairobi)
Kweli, na sijakataa. Lakini ukiwa na Windows na Linux pamoja hiyo ghorofa inakulipa, unaandika mara moja kwenye faili la mipangilio kwamba R:\ ya Windows ni /mnt/kazi ya Linux, inageuza njia yenyewe. Kitu kimoja tu, chunk, yaani fungu la fremu Worker anazopewa kwa mpigo, usiache ndogo. Kila chunk Blender inafunguka upya na kupakia scene upya, sasa scene inayopakia dakika mbili ukiipa fremu moja moja umekula hasara. Mpe kumi kumi. Na Flamenco haina pasiwedi, iishi ndani ya LAN, netiweki yako ya ndani, usiifungulie intaneti.

pwani3d (Mombasa)
Assalam aleykum wandugu. Mbona SheepIt imeachwa? Mie nilianzia huko. Unarendea watu wengine kompyuta yako ikiwa imekaa tu, wapata pointi, ukiwa na kazi yako pointi zile zakuweka mbele kwenye foleni, na fremu zako zagawiwa kwa watu dunia nzima. Senti hulipi. Kwa mwanafunzi mwenye laptop hakuna kitu kizuri kama kile.

dada_nodi
Nzuri kaka, kwa kazi yako binafsi. Hii ni kazi ya mteja. Faili lake linashuka kwenye kompyuta za watu usiowajua, na kama umesaini mkataba wa siri hapo umeshauvunja. Pia bando la kupandisha project yenye tekscha nyingi nani analipa?

fundi_fremu (Arusha)
Nawashukuru sana. Nimejaribu njia ya folda fremu chache, Optiplex zimetoa picha lakini ardhi yote ni pinki!! Kwenye kubwa iko sawa. Na fremu nzito RAM imefika 6.5, haijafa.

MzeeWaSwichi
Pinki maana yake tekscha haijaonekana. Ziko C:\Users huko kwenye kubwa, Optiplex watazionaje? File, External Data, Pack Resources, save. Au zihamishie R:, uziunganishe upya kwa Find Missing Files, kisha Make Paths Relative. Kama una maji, nguo au moshi, bake kwanza kwenye kubwa, yaani mwendo wake upigiwe hesabu mara moja na kuhifadhiwa, na cache, hayo mafaili yaliyohifadhiwa, iwe R: pia, la sivyo kila mashine itatoa mawimbi yake.

dada_nodi
Mengine mawili kabla hujalala. Toleo la Blender liwe lilelile kwenye zote nne, mtu ana 3.6 kwenye moja haina AgX, mfumo mpya wa rangi wa Blender, rangi zinakuja tofauti. Na denoiser, ile inayosafisha chembechembe kwenye picha, chagua OpenImageDenoise, ukiacha OptiX hiyo ni ya Nvidia, i5 zako hazina, mashine mbili zikisafisha kwa njia mbili utaona video inapepesa. Zima sleep ya Windows.

mchora_majengo
Samahani nadandia uzi. Mimi natumia 3ds Max na V-Ray, picha moja moja kubwa za nyumba, sina animesheni. Hii inanifaa?

msee_wa_render (Nairobi)
Hapana, hizi zetu zinagawa fremu, wewe una fremu moja. V-Ray ina Distributed Rendering yake, inagawa picha hiyohiyo vipande vipande kwa mashine zote. Ila kila mashine inayosaidia inataka leseni ya render node, piga hiyo hesabu kwanza kabla hujanunua swichi. Na si Wi-Fi tafadhali, kebo.

fundi_fremu (Arusha)
Pinki imeisha baada ya kupaki. Usiku huu naenda na folda, Flamenco naiweka kazi hii ikitoka. Mzee hiyo net use nikiwasha upya kompyuta R: inapotea, naifanyaje idumu?

MzeeWaSwichi
Ongeza /persistent:yes mwishoni.